Ultrasaundi imeona mafuta kwenye ini: je, niende MRI?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mwanza. Nina kisukari, natumia metformini peke yake. Mwezi uliopita nilipimwa tumbo kwa ultrasaundi kwa sababu ya kujaa gesi, ripoti ikasema ini lina mafuta daraja la pili. Sinywi pombe kabisa. Majibu ya damu: vimeng'enya vya ini AST 38 na ALT 52, chembe sahani 236. Uzito kilo 88. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, anasema huko watu wanapimwa kwa MRI ndipo wanapata uhakika, na yuko tayari kunilipia. Je, MRI itaonyesha nini ambacho ultrasaundi haikuonyesha? Ni salama kwangu? Nina kitanzi. Na kuwa na mafuta maana yake ini litasinyaa?

JIBU: Dada yangu, nikujibu moja kwa moja. Kaka yako hajakosea: katika vipimo visivyohitaji sindano, hakuna kinachopima mafuta ya ini kwa usahihi kuishinda MRI. Lakini kwa namba ulizoniandikia, sioni haja ya kuifanya sasa. Kinachoamua hali ya ini lako miaka kumi ijayo si asilimia ya mafuta, ni kama ini limeanza kuweka makovu. Na makovu tunaanza kuyatafuta kwa majibu ya damu ambayo tayari unayo mkononi. Nitakufanyia hesabu yake hapa chini. Kwanza tuseme kuhusu picha, maana umeuliza vizuri na kuna mambo ambayo wagonjwa hulipia bila kuelezwa.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti. Mafuta yaliyojaa kwenye seli za ini huyatawanya mawimbi hayo, kwa hiyo ini huonekana jeupe kuliko figo iliyo jirani yake, na sehemu za nyuma hufifia kwa kuwa sauti haizifikii vizuri. Anayepima hulinganisha weupe huo kwa macho, kisha huandika daraja la kwanza, la pili au la tatu. Hakuna namba iliyopimwa hapo. Mwenzake kwenye mashine nyingine, au aliyeongeza mwanga wa picha, anaweza kuandika daraja tofauti na wote wawili wakawa wamefanya kazi yao sawasawa. Tena ultrasaundi huyaona mafuta kwa uhakika pale tu yanapokuwa yameenea kwenye asilimia 20 hadi 30 ya seli za ini. Chini ya hapo, ripoti mara nyingi hutoka "ini la kawaida". Kwa mtu mnene, mafuta ya chini ya ngozi hupunguza nguvu ya sauti kabla haijafika kwenye ini lenyewe. Kwako imeyaona, na kwa daraja la pili. Mafuta yapo, tena si haba. Hatuhitaji mashine ya gharama ije kutuambia yapo.

Kwa kuwa uko kando ya Ziwa, niongeze neno. Kichocho cha tumbo, ambacho ni cha kawaida kwa jamii zinazoishi kuzunguka Ziwa Victoria, huacha makovu yanayozunguka mishipa ya damu ndani ya ini, nayo pia huonekana meupe kwenye ultrasaundi. Sura yake ni tofauti: ni weupe unaofuata mishipa kama mistari na pete, si ini zima kung'aa. Mpimaji mzoefu wa kanda yenu huutambua. Ukiwa uliwahi kutibiwa kichocho, au ulikulia kwenye maji ya ziwa, mwambie daktari wako, maana jambo hilo linaweza kuvuruga hata hesabu ya damu nitakayoeleza.

Sasa MRI. Yenyewe haitumii mionzi kama ya eksirei. Inatumia sumaku kubwa, ambayo kwenye mashine nyingi za hospitali ina nguvu ya tesla 1.5, pamoja na mawimbi ya redio, na inachosikiliza ni protoni za haidrojeni. Mwilini protoni hizo zimejaa sehemu mbili, kwenye maji na kwenye mafuta. Ndani ya sumaku zote huzunguka, ila za mafuta huzunguka polepole kidogo kuliko za maji: tofauti ni sehemu 3.5 hivi katika milioni, ambayo kwa sumaku ya tesla 1.5 ni kama mizunguko 220 kwa sekunde. Chukulia wapiga ngoma wawili ambao mwendo wao umepishana kidogo. Kuna wakati mapigo yao huanguka pamoja, na kuna wakati pigo la mmoja huingia kwenye pengo la mwenzake. Ndivyo maji na mafuta yanavyofanya. Ikipita milisekunde 2.3 yanapingana na ishara zao zinafutana; ikifika milisekunde 4.6 yanakuwa pamoja na ishara zinajumlishwa. Mashine hupiga picha kwenye nyakati zote mbili. Ini lisilo na mafuta hubaki karibu vilevile, lenye mafuta huingia giza kwenye ile picha ya kupingana. Mwaka 1984 Mmarekani Thomas Dixon alionyesha namna ya kutumia tofauti hiyo kutengeneza picha ya maji peke yake na ya mafuta peke yake, na hadi leo jina lake limo kwenye menyu za mashine hizi.

Picha mbili hizo zinatosha kusema mafuta yapo. Hazitoshi kutoa namba ya kuaminika, na sababu kubwa ni chuma. Chuma kikirundikana kwenye ini huzima ishara haraka, kwa hiyo picha inayopigwa baadaye hutoka na giza zaidi. Giza la mafuta linakuja kwenye picha ya kwanza, la chuma kwenye ya pili, na mtu mwenye vyote viwili anaweza kuonekana kama hana hata kimoja. Wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu mara nyingi ndio mfano wa wazi kwetu. Kwa hiyo mbinu za sasa huchukua mwangwi, yaani ishara inayorudi, kwa nyakati kadhaa, kwa kawaida sita, katika kushika pumzi mara moja tu kwa sekunde 20 hivi. Kompyuta hukadiria chuma na kukitoa kwenye hesabu, na hurekebisha pia ukweli kwamba protoni za mafuta hazina mwendo mmoja wa kuzunguka bali kadhaa. Kinachobaki ni uwiano: protoni za mafuta ukizigawanya kwa jumla ya protoni za mafuta na za maji. Kwenye ripoti uwiano huo huandikwa PDFF, kwa asilimia. Kiasi cha chuma nacho huja pembeni bila gharama ya muda, kikiandikwa R2*.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Ukienda na karatasi iliyoandikwa "MRI ya tumbo", utalazwa kwenye mashine nusu saa au zaidi, utachomwa dawa ya rangi, na ripoti itarudi imeandikwa "ini lina mafuta". Sentensi ileile ya ultrasaundi, kwa bei nyingine. MRI ya kawaida ya tumbo haitoi PDFF mpaka mashine iwe na programu hiyo na aliyekutuma awe ameiomba. Dawa ya rangi, yaani gadolini, haihitajiki kabisa kupima mafuta. Ukiona imo kwenye ankara na unachotafuta ni mafuta tu, uliza ni ya nini.

Tuseme umeipata namba. Kikomo cha kawaida ni kama asilimia 5. Kile cha 5.56, ambacho utakikuta kwenye maandishi mengi, kilitoka kwenye utafiti wa moyo uliofanyika Dallas, Texas, ambako watafiti waliwapima watu wazima zaidi ya 2,000 kwa mbinu ya MRI inayosoma kemia ya ini. Utafiti huohuo ulitoa matokeo yanayotuhusu. Ini lenye mafuta lilipatikana kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 33 ya weupe, na 24 ya weusi, ingawa weusi hao walikuwa na unene na kisukari cha kutosha. Mwaka 2008 kundi hilo la watafiti likaonyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo iko kwenye jeni iitwayo PNPLA3. Nimesikia watu wakiitumia habari hii kusema ini lenye mafuta ni ugonjwa wa Wazungu. Asilimia 24 ni karibu mtu mmoja kati ya wanne. Si namba ya kujifariji nayo.

Juu ya kikomo, kuna vipimo vya daraja vinavyotumika sana vilivyotoka kwenye utafiti wa San Diego: kuanzia asilimia 6.4 ni daraja la kwanza, 17.4 la pili, 22.1 la tatu. Ni mwongozo tu, tafiti nyingine zimetoa namba zilizopishana na hizo. La kuangalia zaidi ni kwamba asilimia ya PDFF si sawa na asilimia ya kinyama kilichotolewa kwa sindano. Mtaalamu wa hadubini huhesabu seli zenye mafuta. MRI hupima mafuta yenyewe ni kiasi gani. Seli inaweza kuhesabiwa kuwa na mafuta wakati mafuta hayo ni tone tu ndani yake. Kwa hiyo PDFF ya 20 inaweza kuendana na kinyama chenye seli zaidi ya nusu zilizoingia mafuta. Mtu akilinganisha ripoti mbili za namna hiyo bila kujua, atadhani amepona ghafla.

Sindano nayo ina upungufu wake, na hapa MRI inaishinda waziwazi. Kinyama kinachotolewa ni kama sehemu moja ya 50,000 ya ini, na mafuta hayakai sawasawa. MRI husoma ini zima. Msomaji makini huweka alama kwenye kila kipande kati ya vipande tisa vya ini na kutoa wastani. Kwa kurudia, ni kipimo thabiti, ingawa badiliko la asilimia moja au mbili linaweza kuwa la mashine tu. Ukitoka 18 ukafika 17, usifanye sherehe. Kwenye majaribio ya dawa, watafiti hutazama kama namba imeshuka kwa angalau theluthi hivi ya ilivyokuwa mwanzo, mfano kutoka 18 hadi 12.

Kuna kazi moja ambayo MRI huifanya kwa ini lenye mafuta na ambayo mimi, kama mtaalamu wa picha, naithamini kuliko hiyo ya kutoa asilimia. Wakati mwingine mafuta hujikusanya sehemu moja tu, hasa karibu na kano inayogawa ini mbele, au huacha kipande kimoja kikiwa safi, hasa karibu na nyongo. Kwenye ultrasaundi kipande hicho huonekana kama uvimbe. Ripoti inaandikwa "uvimbe kwenye ini, afanyiwe uchunguzi zaidi", na familia inaanza kuchangishana kwa ajili ya saratani. Picha mbili za Dixon, za dakika chache, mara nyingi humaliza mjadala: sehemu inafifia kama mafuta, mipaka yake haina umbo la duara, na mishipa ya damu inapita ndani yake bila kusukumwa. Sisemi kila kinachofifia ni salama, kwa sababu baadhi ya uvimbe, hata saratani ya ini yenyewe, unaweza kubeba mafuta; ndiyo maana tunatazama umbo na mishipa, na hapo dawa ya rangi inapata kazi yake. Ripoti yako haitaji uvimbe wowote. Ingekuwa imeutaja, ningekwambia nenda MRI wiki hii.

Sasa turudi kwenye makovu.

Mafuta peke yake, kwa watu wengi, hayafikishi ini kwenye kusinyaa. Kwa baadhi yao seli huanza kuvimba na kufa, ini linajaza kovu mahali pake, na kovu likiendelea kwa miaka mingi ndipo tunafika kwenye sirosisi. Kisukari huongeza uwezekano wa kufuata njia hiyo, kwa hiyo swali lako ni la haki. PDFF haikujibu. Asilimia 25 yenye ini laini ni afadhali kuliko asilimia 8 yenye makovu. Na kuna mtego ambao hata madaktari huangukia: ini linapokaribia kusinyaa, mafuta yenyewe hupungua. Mtu anaweza kupimwa PDFF akapata 4, akapongezwa, kumbe ini limeshaisha nguvu. Uvimbe wa seli nao MRI ya kawaida haiuoni. Mpaka leo hilo ni la kinyama na hadubini.

Makovu hupimwa kwa ugumu wa ini. Upande wa MRI kuna mbinu iliyoanzia Mayo Clinic, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995. Unalazwa ndani ya mashine na kibao cha plastiki kinafungwa juu ya mbavu za kulia, kinatetemeka mara 60 kwa sekunde, na mashine inapiga picha ya mawimbi yanavyopita ndani ya ini. Kwenye ini gumu mawimbi hurefuka. Hii ndiyo elastografia ya MRI, na kwa makovu ndicho kipimo bora tulicho nacho kisicho cha sindano. Kasoro zake ni kwamba vifaa vyake havipo kila penye MRI, na chuma kingi kwenye ini humaliza ishara mpaka kipimo kishindwe.

Njia iliyo karibu zaidi na watu ni FibroScan, kifaa cha Kifaransa cha kugusisha mbavuni, kinachotoa ugumu na pia makadirio ya mafuta kwa dakika chache. Tahadhari moja: FibroScan na elastografia ya MRI zote hutoa majibu ya ugumu kwa kilopaskali, lakini namba zake hazilingani, kwani vinapima kitu tofauti kidogo na FibroScan hutoka kama mara tatu ya MRI. Kilopaskali 4 kwenye FibroScan ni ini laini, la kawaida. Kilopaskali 4 kwenye elastografia ya MRI ni makovu mengi. Kaka yako akikutumia jedwali la kutoka Muscat, hakikisha kwanza ni la kifaa kipi.

Na kabla ya vyote hivyo, hesabu. Inaitwa FIB-4, inatumia umri, AST, ALT na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Zidisha umri kwa AST: 46 mara 38 ni 1,748. Chukua kipeuo cha pili cha ALT: cha 52 ni 7.2. Zidisha hicho kwa chembe sahani: 236 mara 7.2 ni 1,699. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 1.03. Chini ya 1.3 uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Kati ya 1.3 na 2.67 hatujui, tunakwenda kwenye kipimo cha ugumu. Juu ya 2.67 unamwona daktari bingwa bila kusubiri. Kwa waliofika miaka 65, kikomo cha chini hupandishwa hadi 2.0 kwa sababu umri wenyewe huivuta namba juu, na kwa vijana chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki.

Wewe uko kwenye 1.03. Nimeifurahia namba hiyo, ila nina angalizo mbili. Ya kwanza, malaria hushusha chembe sahani, na bandama lililovimba kwa kichocho hufanya hivyohivyo, kwa hiyo hesabu ifanywe ukiwa mzima. Kwako chembe ziko vizuri, hakuna aliyezishusha. Ya pili, kwa wenye kisukari FIB-4 huwakosa baadhi ya watu wenye makovu. Ndiyo maana kwa mwenye kisukari hairuhusiwi kuhesabiwa mara moja na kusahaulika; irudiwe kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Na kama kaka yako anataka kweli kusaidia, na FibroScan inapatikana unakoweza kufika bila safari ya kukuumiza, hicho ningekiweka mbele ya MRI. Ugumu chini ya kilopaskali 8 unatupa utulivu. Juu ya 12 tunazungumza mengine. Katikati, au kifaa kikishindwa kwa sababu ya unene, hapo ndipo elastografia ya MRI inapostahili fedha zake.

Sababu nyingine za kwenda MRI ni uvimbe nilioutaja, wagonjwa wanaohofiwa kuwa na chuma, mtu anayetaka kumtolea ndugu yake kipande cha ini, na wanaoanza dawa maalumu au walio kwenye utafiti. Dawa hizo zipo sasa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024, na semaglutide kwa ugonjwa huu Agosti 2025, zote kwa watu wenye makovu ya wastani hadi makubwa ambao bado hawajafika kwenye sirosisi. Kwa namba zako hauko kwenye kundi hilo.

Kuhusu usalama: kitanzi cha shaba hakizuii MRI kwenye mashine za tesla 1.5 wala 3, na vya plastiki vyenye homoni kwa kawaida havina chuma, lakini mwambie mhudumu. Vinavyozuia au vinavyohitaji uchunguzi kwanza ni kifaa cha mapigo ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, na vipande vya chuma machoni au mwilini, ambavyo mafundi wa kuchomelea huwa navyo bila kujua. Mlangoni vua bangili, hereni, pini za mtandio, na hirizi yenye kibati kama unayo. Wahudumu wamezoea, hakuna atakayekucheka. Mashine ina kelele, utapewa vizibo vya masikio. Wenye hofu ya kubanwa waseme mapema. Usile kwa saa nne kabla kama unafanyiwa elastografia, kwa kuwa chakula huongeza damu kwenye ini na kulifanya lionekane gumu. Kwa metformini peke yake kufunga saa hizo si tatizo; anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi aombe nafasi ya asubuhi na amuulize daktari kuhusu dozi.

Siku ukilazimika kuifanya, karatasi ya kukutuma isomeke hivi: MRI ya ini, PDFF na R2*, bila dawa ya rangi, pamoja na elastografia kama ipo. Piga simu kwanza uulize kama mashine yao inatoa PDFF. Wakijibu "sisi tunapiga MRI zote", uliza tena.

Umeniambia hunywi pombe kana kwamba ungeshitakiwa. Ugonjwa wako hautokani na pombe. Ni wa kisukari, uzito na mafuta ya damu. Kwenye ripoti za sasa unaandikwa MASLD, jina lililokubaliwa mwaka 2023 badala ya NAFLD. Ni kitu kilekile.

Kinachoondoa mafuta hayo kinajulikana, na hakiuzwi kwenye chupa za "kusafisha ini". Baadhi ya dawa hizo za mitishamba zimewahi kuumiza maini, nakuomba uache kama umeanza. Kupungua asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza na uvimbe wa seli. 10 na zaidi inaweza kurudisha nyuma hata makovu. Kwa kilo 88 zako, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo, asilimia 10 ni karibu kilo 9. Anza na soda, juisi za pakiti na sukari ya chai, kisha kipande cha ugali na idadi ya chapati, na kutembea kwa haraka siku nyingi za wiki. Kahawa isiyo na sukari haina shida, tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wake wakiwa na makovu machache. Shughulikia presha na mafuta ya damu kwa uzito uleule, kwa sababu kinachoua watu wengi wenye ini la mafuta ni moyo na mishipa, kabla hata ini halijasema neno.

Sehemu ya fedha za kaka yako ningeitumia kwa kipimo cha homa ya ini B, ambacho hukukitaja. Virusi hivyo ni vya kawaida kwetu, huweza kukaa kwenye ini moja na mafuta, na vikiwamo mpango wote unabadilika, pamoja na uzito wa ile 1.03. Pima pia wastani wa sukari wa miezi mitatu na mafuta ya damu. Peleka majibu hayo kwa daktari anayekutibu kisukari, mwombe aandike FIB-4 kwenye faili lako na tarehe ya kuirudia mwakani.